Kutunza injini ya gari la spoti siku ya uwanjani: hatua kwa hatua

Kila msimu maswali ni yale yale. Nibadilishe nini kabla ya kuingia uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza? Joto likipanda nifanyeje? Nikirudi kwenye maegesho nizime injini papo hapo au niiache iungurume? Nimeyajibu mara nyingi kwa ujumbe mfupi, na jibu fupi siku zote huacha jambo nje. Kwa hiyo nayapanga yote hapa, kuanzia wiki moja kabla ya siku yenyewe hadi gari liwe limerudi nyumbani.

Ninayemwandikia ana gari la spoti la barabarani, la petroli, linalomfikisha uwanjani asubuhi na kumrudisha jioni. Anayejenga gari la mashindano ana vitabu vyake. Habari za kuongeza nguvu sizigusi kabisa. Hizo zije baada ya oili na joto kukaa sawa.

Barabarani unakanyaga aksileta yote kwa sekunde chache, kisha injini inapumzika. Uwanjani unaikanyaga kwa dakika 15 au 20 mfululizo, na katikati yake kuna kona zinazoirundika oili yote upande mmoja. Injini nyingi zinazofia uwanjani zimekosa oili kwa muda mfupi, au zimezidiwa na joto, au zimepokea gia isiyokuwa yake. Yote matatu huonekana mapema kwa mtu anayekagua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Oili mpya ya kubadilishia, filta mpya, na lita 2 za oili ileile za kubeba uwanjani
- Kulanti (kimiminika cha kupoza injini) ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na lita 5 za maji yaliyosafishwa
- Kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari) kinachotuma taarifa kwenye simu, au geji za kweli za joto na presha ya oili
- Spana ya kupimia mkazo, seti ya kawaida ya spana, na bisibisi ya klipu za hozi
- Plagi za akiba na koili moja
- Tochi, glavu za joto, vitambaa safi vyeupe, faneli
- Daftari na kalamu
- Kitabu cha gari chenyewe, maana mara nyingi jibu unalolitafuta kwa watu limeandikwa humo

Kama bajeti ni ndogo, anza na oili, vitambaa na daftari.

Hatua ya 1: Kagua injini wiki moja kabla

Pandisha gari kwenye jeki na stendi zake, au juu ya shimo la fundi, uangalie chini kwa tochi. Oili inayotoka jasho tu barabarani itachuruzika uwanjani, na ikidondoka kwenye tairi yako au ya anayekufuata, hilo si suala la injini tena, ni la uhai wa mtu.

Minya hozi zote za maji injini ikiwa baridi. Iliyolainika kama mkate uliolowa, au iliyokakamaa hadi inalia, itoke. Angalia matangi ya plastiki pembeni mwa rejeta: plastiki ikizeeka hubadilika rangi na kupata nyufa nyembamba pale inapokutana na alumini. Angalia mkanda wa nje na roli zake. Kama injini yako inatumia mkanda wa taimingi wa mpira na hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Soma pia kompyuta ya gari. Kosa dogo la sensa ulilolizoea kwa miezi sita lina maana nyingine pale injini inapokaa juu ya mizunguko 6,000.

Ukikuta jambo usilolielewa, ahirisha siku ya uwanjani. Najua inauma. Lakini usiende "kujaribu kuona kama litashika".

Hatua ya 2: Oili

Hapa naomba utulie, maana hatua hii peke yake huokoa injini nyingi kuliko hizo nyingine zote.

Gari la spoti lenye tairi nzuri za barabarani linaweza kupata karibu g 1 ya kusukumwa pembeni kwenye kona, yaani nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe. Kwa g 1, uso wa oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) huinama digrii 45. Chukua karatasi, chora umbo la sampu yako, pitisha mstari wa digrii 45, kisha tazama mdomo wa pampu unabaki upande gani. Kama oili ni pungufu, mdomo ule unafyonza hewa. Injini yenye mizunguko 6,000 kwa dakika inazunguka mara 100 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 3 za kona ndefu ni mizunguko 300 ambayo beringi zinaweza kuipitia zikiwa zimebakiwa na utando wa oili uliokuwepo tu.

Injini ya kwanza niliyoipoteza ilikwenda hivyo. Niliipima oili nyumbani siku mbili kabla, ikawa katikati ya alama mbili za stiki, nikaridhika. Katika kipindi cha tatu, kwenye kona ndefu ya kushoto, taa ya oili iliwaka kwa kitambo cha kupepesa jicho ikazimika. Nikajiambia ni waya. Nikaenda raundi mbili zaidi. Jioni ile injini ilikuwa inagonga, na tulipoifungua tulikuta beringi ya konrodi moja imekwanguka hadi kwenye tabaka la shaba. Alama ya katikati ya stiki inatosha kwa barabara. Kwa uwanja haitoshi.

Fanya hivi:

a) Badilisha oili na filta kabla ya siku yenyewe, hata kama kilomita za kubadilisha hazijafika. Kaza boliti ya kumwagia kwa mkazo uliotajwa kwenye kitabu, na uweke washa (pete ya kuzibia) mpya.

b) Chagua uzito sahihi. Namba inayofuata W ndiyo inayoeleza uzito wa oili ikiwa moto. Magari mengi ya siku hizi hutoka na oili za 20 au 30 kwa ajili ya kubana matumizi ya petroli. Tazama kitabu kama mtengenezaji anaruhusu 0W-40 au 5W-40 kwa matumizi mazito, wengi wanaruhusu. Ukisoma karatasi ya vipimo vya oili, tafuta namba ya HTHS, yaani uzito wa oili ikiwa na joto na mzigo mkubwa, inayopimwa kwenye digrii 150. Kwa injini inayoruhusu oili za 40, mimi sishuki chini ya 3.5.

c) Jaza hadi alama ya juu kabisa, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata joto na kuzimwa kwa dakika chache kama kitabu kinavyosema. Magari yenye sampu kavu (oili hukaa kwenye tangi lake la pembeni), kama Porsche 911 GT3 au Chevrolet Corvette Z06 kuanzia ile ya 2006, yana utaratibu wake wa kupima. Ufuate neno kwa neno.

Onyo: usizidishe oili kwa kubahatisha. Ikizidi sana, krenkshafti (shafti kuu ya injini) huipiga hadi ikawa povu, na povu halibebi mzigo wa beringi. Kuna injini ambazo wanaozijua huongeza nusu lita juu ya alama kwa ajili ya uwanja. Kama huna ushahidi kuhusu injini yako hasa, ishia kwenye alama.

Onyo jingine: usirukie 10W-60 kwa sababu tu namba ni kubwa. Injini za BMW M kama S54 na S65 ziliandikiwa oili hiyo na mtengenezaji. Injini yenye nafasi finyu za beringi ikipewa oili nzito hivyo itachelewa kupata oili asubuhi, na pampu itafanya kazi bure.

Ulizia pia udhaifu wa modeli yako. Nissan 370Z za mwanzo zilitoka bila kipoza oili, na oili ikikaribia digrii 140 kompyuta hupunguza nguvu ili kuikinga injini. Wenye Toyota GR86 na Subaru BRZ waliofunga geji wameona presha ikishuka kwenye kona ndefu za kulia. Kujua jambo kama hilo mapema kunakuelekeza pesa yako iende wapi: kwenye kipoza oili, au kwenye sampu yenye kuta za ndani zinazoizuia oili kukimbia. Ukifunga kipoza oili, kiwe na thamostati yake. Bila hiyo oili itachelewa sana kupata joto siku za baridi.

Hatua ya 3: Mfumo wa maji

Rejeta huzibwa na vitu vidogo: wadudu, mchanga, vipande vya mpira wa tairi, majani. Mara nyingi uchafu unakaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali usipopaona kutoka mbele. Ondoa vifuniko, pitisha tochi, osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa hukunja mapezi ya alumini.

Kisha tazama njia ya hewa. Hewa hupita palipo rahisi, na kama kuna nafasi ya vidole viwili kati ya rejeta na bampa, itapita hapo badala ya kupita kwenye mapezi. Ziba nafasi hizo kwa sponji ngumu au bati jembamba. Kazi hii ni ya saa moja, na nimeona ikishusha joto kwenye magari ambayo wenyewe walikuwa tayari kununua rejeta mpya. Plastiki ya chini ya injini iliyopotea miaka miwili iliyopita nayo ilikuwa na kazi, irudishe.

Mfuniko wa tangi la maji ni kifaa kidogo chenye kazi kubwa. Maji matupu huchemka kwenye digrii 100, lakini yakibanwa kwa bar 1 juu ya presha ya hewa hayachemki hadi digrii 120. Mfuniko uliochoka unakunyang'anya digrii hizo 20. Kama una shaka nao, nunua mpya wa presha ileile iliyoandikwa juu yake.

Kuhusu kulanti: mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni wa kawaida na unafaa. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, ambayo ni kiungo kikuu cha kulanti, kwa hiyo wengine hupunguza glaikoli na kuongeza dawa ya kuzuia kutu. Hilo linakubalika mahali ambapo hakuna baridi ya kugandisha, mradi dawa ya kutu iwepo. Soma pia kanuni za uwanja, maana viwanja na vyama kadhaa hukataza glaikoli kwa kuwa ikimwagika lami inateleza na haikauki upesi.

Ukishagusa mfumo wa maji, toa hewa yote. Pua ya gari iwe juu kidogo, hita ifunguliwe hadi mwisho, injini iungurume hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Nimeona watu wakibadilisha thamostati, wakibadilisha pampu, wakibadilisha rejeta, na tatizo muda wote lilikuwa hewa iliyonasa kwenye silinda hedi.

Hatua ya 4: Petroli, plagi, hewa

Tumia petroli yenye okteni ya juu kuliko zote zinazopatikana, isiwe chini ya iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi. Injini ikianza kugonga kwa ndani, kompyuta hurudisha taimingi nyuma, yaani huchelewesha cheche. Nguvu inapungua na joto la ekzosi linapanda. Usiruhusu tangi lishuke chini ya nusu. Petroli nayo hukimbilia pembeni kwenye kona, na injini inayopata petroli pungufu ikiwa na mzigo mkubwa inaweza kutoboa pistoni.

Plagi ziwe mpya au za karibuni, zikiwa na nafasi iliyotajwa. Gari lisiloongezwa nguvu halihitaji plagi baridi zaidi, yaani zinazoondoa joto upesi. Ukihamia kwenye plagi baridi kwa sababu ya turbo iliyoongezwa presha, kumbuka kwamba kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, na kwa Bosch ni kinyume chake. Watu hukosea hapo.

Filta ya hewa iwe safi. Basi.

Hatua ya 5: Zijue namba za gari lako

Sindano ya joto kwenye dashibodi ya magari mengi imefanywa ikae katikati kwa makusudi, hata joto la kweli likipanda au kushuka kwa digrii nyingi. Inapoanza kusogea, umeshachelewa. Baadhi ya Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza na cha pili zina geji ya presha ya oili inayoonyesha tu kwamba presha ipo au haipo, ingawa ina sindano kama geji kamili.

Ndiyo maana nimeweka kifaa cha OBD kwenye orodha. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na mengi ya yale ya Ulaya tangu 2001, yana soketi hiyo. Joto la maji utalipata karibu kwa kila gari, joto la oili kwa baadhi, presha ya oili kwa machache sana. Kama pesa inaruhusu kuongeza geji moja tu, iwe ya presha ya oili, yenye taa au king'ora.

Namba ninazoanzia nazo ni hizi:

- Oili chini ya digrii 80: usikanyage zaidi ya nusu, usipite mizunguko 4,000
- Oili digrii 100 hadi 120: endelea
- Oili 130: punguza kasi raundi nzima
- Oili 140: toka
- Maji hadi 105: endelea, 110: punguza, 115: toka
- Presha ya oili ikiwa moto: takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, yaani karibu bar 4 kwenye 6,000

Hizi ni za kuanzia tu. Kuna magari yaliyopangiwa kufanya kazi na maji ya digrii 105 siku nzima. Rekodi namba za gari lako barabarani kwa wiki moja, ndipo utajua kipi ni kawaida na kipi ni mabadiliko.

Hatua ya 6: Asubuhi uwanjani

Pima oili tena, baada ya safari. Toa mizigo yote ndani ya gari, hata zulia la dereva kama halijafungwa. Hakikisha mfuniko wa oili umekaza na stiki imeingia hadi mwisho.

Raundi mbili za kwanza ni za kupasha joto. Maji hupata joto mapema sana kuliko oili, na kosa la kawaida ni kuangalia sindano ya maji na kudhani injini iko tayari. Subiri oili ipite digrii 80.

Hatua ya 7: Ndani ya kipindi

Badilisha gia mizunguko 500 kabla ya mstari mwekundu. Muda unaoupoteza ni mdogo mno kwa mtu anayejifunza, na injini inafanya kazi kwa mzigo mdogo zaidi.

Sasa gia. Kikomo cha mizunguko kinaikinga injini dhidi ya aksileta tu. Hakina uwezo wowote dhidi ya klachi na gia, kwa sababu hapo magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini. Chukua gia ya 3 yenye uwiano wa 1.4 na gia ya 2 yenye 2.0. Uko kwenye 3 kwa mizunguko 7,000, unataka 4, mkono unavuta nyuma na kushoto na kuangukia 2. Injini inalazimishwa kwenda mizunguko 10,000. Valvu zinakutana na pistoni kabla hujajua umekosea. Kinga yake ni kushika gia kwa kiganja kilicholegea na kuisukuma, bila kuikaba. Springi za gia zenyewe huirudisha katikati; mkono uliokaza ndio unaoipeleka pasipo.

Ukimfuata mtu karibu kwa raundi kadhaa, rejeta yako inakula hewa yake ya moto. Joto likipanda ukiwa nyuma ya mtu, jitenge, acha nafasi kwenye njia iliyonyooka, utaona linashuka.

Usipande kingo za kona zilizoinuka kama gari lako liko chini; sampu ya alumini haipindi, inapasuka. Gari likikuzungukia, kanyaga klachi na breki pamoja, ili injini isije ikazungushwa kinyume gari linaporudi nyuma. Ukitoka nje kwenye kokoto, usiwashe na kuendelea. Rudi polepole, kagua rejeta, sampu na mikanda, maana jiwe dogo likiingia kwenye mkanda linauvua.

Geji zitazamwe kwenye njia iliyonyooka ndefu, mara moja kila raundi. Kwenye kona macho yako yana kazi nyingine.

Hatua ya 8: Raundi ya kupoza

Raundi ya mwisho iwe ya gia ya juu, mizunguko kati ya 2,500 na 3,000, breki kidogo iwezekanavyo. Hewa inapita kwenye rejeta na pampu inazungusha maji. Hakuna namna bora ya kupoza injini kuliko hiyo.

Ukifika kwenye maegesho, acha injini iungurume dakika moja au mbili, kisha zima. Kama gari lina turbo, lipe dakika 2 kamili, kwa kuwa oili iliyosimama ndani ya beringi za turbo yenye moto mkali huungua na kuacha masizi magumu. Fungua boneti. Usivute breki ya mkono juu ya breki za moto. Weka gia na kizuizi cha gurudumu.

Onyo: usifungue mfuniko wa maji injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa kinene. Maji ya digrii 110 yaliyobanwa hugeuka mvuke mara yanapopata upenyo, na yatakuja usoni.

Hatua ya 9: Kati ya vipindi

Kila kipindi, bila kuruka hata kimoja:

1. Subiri dakika 5 hadi 10, pima oili, ongeza hadi alama. Injini ambayo barabarani haipunguzi tone inaweza kula robo lita uwanjani, kwa kuwa mizunguko ya juu husukuma mvuke wa oili kwenye bomba la kupumulia.
2. Tazama tangi la maji kwa nje, ulinganishe na alama.
3. Lala chini uangalie matone. Pangusa kwa kitambaa cheupe mahali penye unyevu: kahawia ni oili, ya rangi yenye harufu tamu ni kulanti, isiyo na rangi wala harufu ni maji ya AC.
4. Andika joto la juu kabisa uliloliona, na oili uliyoongeza.

Kazi nzima ni dakika kumi. Watu huziruka kwa sababu ya mazungumzo na msisimko wa kipindi kilichopita, na mimi nilikuwa mmoja wao hadi siku ile ya beringi.

Hatua ya 10: Baada ya kurudi nyumbani

Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, kagua maji na hozi tena. Mimi hubadilisha oili kila baada ya siku tatu za uwanjani, au mapema zaidi kama ilipita digrii 130.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa kifaa cha kukatia filta. Jiwe la kukatia chuma litamwaga vumbi lake ndani na kukudanganya. Tandaza karatasi yake, ikamue, itazame juani. Punje chache ni kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba vinatoka kwenye beringi. Vinavyonaswa na sumaku ni vya chuma. Vya kijivu-fedha visivyonaswa mara nyingi ni alumini. Ukiona shaba, injini isiwashwe tena mpaka sampu ishushwe na beringi zitazamwe.

Mambo yakienda mrama

*Taa ya oili inawaka kwenye kona na kuzimika.* Toa mguu, nyoosha gari, toka kwenye njia ya mbio, zima. Usimalize raundi. Pima oili. Kama imejaa na taa iliwaka, siku yako imeisha. Hapo unahitaji sampu yenye kuta, na beringi zikaguliwe.

*Joto la maji linapanda kidogo kidogo kila raundi.* Upoaji hautoshi: hewa, uchafu, au rejeta ndogo. Zima AC, fungua hita hadi mwisho, panda gia moja juu. Fupisha vipindi hadi dakika 10.

*Joto la maji linaruka ghafla.* Maji yamepotea, au mkanda wa pampu umekatika. Toka njiani na uzime mara moja. Sensa isiyoguswa na maji inaweza hata kuonyesha joto likishuka huku injini ikiungua, kwa hiyo namba inayoporomoka bila sababu nayo ni dalili mbaya.

*Hozi za maji ni ngumu asubuhi, injini ikiwa baridi.* Presha ya silinda inaingia kwenye maji. Mpe fundi apime gasketi ya silinda hedi kabla ya kuendesha tena.

*Oili inapata moto lakini maji yako sawa.* Ni kawaida kwa magari mengi yasiyo na kipoza oili. Punguza mizunguko kwanza. Ukiona haitoshi, funga kipoza.

*Moshi wa bluu baada ya kona ndefu.* Oili imefyonzwa kupitia bomba la kupumulia. Pima oili isije ikawa imezidi. Ikiwa kiwango ni sahihi, kopo la kunasa oili kwenye bomba hilo hutatua. Moshi wa bluu unaoendelea muda wote ni ringi au valvu.

*Injini inakohoa ukitoka kwenye kona, kisha inakaa sawa.* Petroli imekimbia kutoka kwenye pampu. Jaza tangi. Usiendelee "kuimalizia".

*Taa ya injini inamemeteka.* Silinda moja haichomi. Petroli isiyoungua inakwenda kuyeyusha katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi). Rudi polepole, badilisha koili na plagi moja moja hadi uipate yenye kosa.

*Nguvu imepungua bila taa yoyote.* Mara nyingi kompyuta imejikinga dhidi ya joto la hewa au oili. Pumzisha gari kipindi kimoja, kisha linganisha na daftari lako.

*Mlio mzito wa kugonga unaofuata mizunguko ya injini.* Zima pale ulipo, mahali palipo salama, karibu na msimamizi mwenye bendera ikiwezekana. Gari libebwe hadi nyumbani. Usiliwashe tena kumsikilizisha mtu, maana kila mzunguko unaitafuna krenkshafti ambayo pengine bado inaweza kusuguliwa na kutumika. Oili iliyomo usiimwage. Mpe fundi pamoja na filta, ndivyo vitakavyomwonyesha aanzie wapi.